Chura asiyejua dimbwi: habari za mkazi mmoja wa Rondo

Watu wengi wakisikia neno chura wanawaza maji. Wanawaza bwawa, mfereji, majaruba ya mpunga kule bondeni Lukuledi na kelele zinazoanza jua likizama wakati wa mvua. Nikiwaambia kwamba juu Rondo kuna chura asiyetaga majini, asiye na kiluwiluwi cha kuogelea, ambaye maisha yake yote yanaishia chini ya majani yaliyooza, wananiuliza habari hizo nimezitoa wapi. Leo naandika nilikozitoa, na kwa nini zinaninyima usingizi kila kiangazi kikikaribia.

Mimi nauza pembejeo hapa Mtama, mkoani Lindi. Salfa ya mikorosho, mbegu, bomba za mgongoni, dawa za wadudu, vipuri vya mashine za kupulizia. Marehemu mama yangu alizaliwa Rondo, na kwetu Wamwera mtoto ni wa upande wa mama. Mjomba ndiye mwenye kauli, ndiye anayeitwa likitokea jambo, ndiye unayempelekea mkono msimu ukiisha vizuri. Kwa hiyo Rondo sipandi kwa utalii. Napanda kwa mjomba, na mara nyingi nyuma ya bodaboda kuna mfuko wake wa salfa umefungwa kwa mpira.

Kwa asiyeijua, Rondo ni uwanda wa juu, una mto Lukuledi upande wa kusini na mto Mbwemkuru upande wa kaskazini, na sehemu zake za juu zinakaribia mita 900 kutoka usawa wa bahari. Ukitoka Mtama unatoka jasho, ukifika juu asubuhi unatafuta sweta. Ukungu unalala mitini hadi saa tatu, wakati mwingine saa nne. Ule ubaridi na ule unyevu ndio uliotunza msitu ambao huupati tena mahali pengine mkoani kwetu, na ndani ya msitu huo wapo viumbe ambao dunia nzima hawapatikani isipokuwa hapo, au hapo na sehemu chache tu. Komba wa Rondo ni mmoja wao, mdogo kuliko makomba wote, hafiki hata gramu 100, mwenye mkia wa manyoya mafupi yaliyosimama. Yule amepata wasemaji kidogo, amewahi kuingizwa kwenye orodha ya jamii 25 za kima na jamaa zao zilizo hatarini zaidi duniani. Chura hana msemaji. Ana macho madogo, ni wa kahawia, na hatoki mchana.

Wataalamu wanamwita Probreviceps rondoensis. Aliyemwandika kwa mara ya kwanza ni Arthur Loveridge, Mwingereza aliyefanya kazi kwenye jumba la makumbusho la Chuo Kikuu cha Harvard kule Marekani, mtu aliyezunguka sana misitu ya Afrika Mashariki akikusanya nyoka, mijusi na vyura. Alifika Nchingidi, hapo hapo Rondo, mwishoni mwa miaka ya 1930, na mwaka 1942 akachapisha maelezo ya chura huyu. Wakati huo alimhesabu kuwa tawi tu la chura wa Usambara. Baadaye ikaonekana anastahili kusimama peke yake, spishi kamili, ya Rondo.

Hebu tazama ramani uone jambo hili lilivyo kubwa. Ndugu zake wa karibu wako Usambara, wako Uluguru, wako Udzungwa na Ukaguru, na mmoja yuko mbali kusini kwenye milima ya mpakani mwa Zimbabwe na Msumbiji. Wote ni watu wa milimani, wa misitu yenye baridi na ukungu. Huyu wetu amekaa peke yake huku kusini mashariki, kwenye uwanda ambao si mlima mrefu hata kidogo, amezungukwa pande zote na miombo, mashamba na joto la pwani. Miguu yake haiwezi kuvuka Lukuledi wala kutembea hadi Morogoro. Zamani za kale, hali ya hewa ilipokuwa na unyevu zaidi, misitu ilienea. Ilipokauka, misitu ikajikunja ikabaki vipande vipande, na kila kipande kikabaki na wakazi wake. Rondo ni kipande kimojawapo. Chura aliyebaki pale amebaki pale.

Nilimwona usiku, msimu wa mvua. Kulikuwa na binti wa chuo kikuu mwenye kibali cha utafiti, ameongozana na askari wa misitu, na mjomba alikuwa ameombwa awaonyeshe njia kwa sababu anayajua makorongo ya upande ule tangu ujana. Nami nikaambatana nao. Mvua ilikuwa imekatika muda si mrefu, miti bado inadondosha. Kabla hatujaingia, yule binti alitusimamisha, akatoa brashi na chupa ya maji yenye klorini, akatusugua viatu mmoja baada ya mwingine, soli na pembeni, mpaka mjomba naye na ndala zake. Mjomba alikubali bila neno. Sababu ya kusuguliwa viatu nitaieleza mbele.

Nilidhani tutatafuta kwa kumulika huku na huku. Haikuwa hivyo. Yule binti alipiga magoti chini, akavaa glavu, akaanza kufunua majani kwa mkono, tabaka moja moja, akiyaweka pembeni kwa mpangilio uleule ili ayarudishe. Juu kabisa kulikuwa na majani makavu ya msimu uliopita, bado mazima, yanayopiga kelele ukiyagusa. Chini yake majani meusi yaliyolowa, yamegandana, na katikati yake nyuzi nyeupe nyembamba za kuvu zimeyashona pamoja. Ukifunua haya unapata majani yaliyobaki mishipa mitupu, ukiyaweka mbele ya tochi mwanga unapita. Halafu mboji yenyewe, nyeusi, laini, ya baridi, yenye harufu ya mvua ya kwanza. Nikatia kidole, kikazama chote bila kugusa udongo mgumu. Mimi nauza mbolea, nimeshika udongo wa wakulima wengi wanaokuja kuniuliza mashamba yao yana nini. Sijawahi kushika udongo wa namna ile.

Alikuwa hapo, kati ya majani meusi na mboji. Mara ya kwanza sikumwona, ingawa tochi ilikuwa juu yake, kwa sababu rangi yake ni ya mahali pale. Anatosha kwenye kiganja na kubaki nafasi. Mwili mfupi mnene, hana shingo, kichwa kimeingia moja kwa moja mabegani, pua butu, ngozi ya vipele vidogo vidogo kote mgongoni. Miguu ya nyuma mifupi, si ya kurukia. Alipoguswa kidogo alijijaza upepo akavimba kama andazi linaloumuka, akakaa vile, haruki, hakimbii. Baada ya muda akapungua, akaanza kutembea. Nasema kutembea: mguu huu, kisha ule, taratibu, akaingia chini ya jani. Yule binti akarudisha majani juu yake, yale ya chini chini, yale ya juu juu, tukaondoka.

Sasa niwaeleze uzazi wake, maana hapo ndipo lilipo jambo zima.

Chura wa kawaida anataga majini, mayai yanatoa viluwiluwi, viluwiluwi vinaota miguu, mkia unapotea, wanatoka nchi kavu. Hilo kila mtoto wa darasa la nne analijua. Chura wa Rondo na ukoo wake wameacha njia hiyo. Jike anataga mayai machache, makubwa, yenye kiini cha kutosha, ndani ya udongo wenye unyevu. Hatua zote za kiluwiluwi zinapita ndani ya yai, na anayetoka ni chura kamili, mdogo sana, mwenye miguu minne. Hahitaji bwawa wala mto. Anachohitaji ni kwamba ile mboji isikauke tangu siku yai linapotagwa hadi mtoto anapotoka. Jua likipiga moja kwa moja kwa siku chache, mayai yamekwisha. Moto ukipita, yamekwisha siku hiyohiyo.

Kuna jamaa zake wengine wa ukoo uleule wanaoishi hadi kwenye mashamba na miombo ya kusini, wale wa mviringo wanaotoka ardhini mvua za kwanza zikinyesha na kuvimba ukiwagusa. Hao mwili wao ni mpira kabisa, dume hawezi hata kumkumbatia jike kwa mikono yake mifupi, hivyo hujigandisha mgongoni mwake kwa utomvu wa ngozi mpaka washuke pamoja chini ya ardhi kutaga. Hao wamezoea ukame, wanajichimbia wanasubiri. Wa Rondo hakuzoea hivyo. Yeye ameumbwa kwa ajili ya kivuli.

Hii ndiyo sababu nasema kwamba namna tunavyozungumza kuhusu kuhifadhi msitu huku kwetu inamwacha nje. Mikutano ya kijiji inazungumzia miti: nani kakata mvule, nani kachoma mkaa, magunia mangapi yamekamatwa. Inazungumzia vyanzo vya maji: usilime mita kadhaa kutoka kwenye mto. Yote ni ya haki, nayaunga mkono. Lakini msitu unaweza kusimama na miti yake, picha ya kutoka juu ikaonyesha kijani, na chini ukawa umefagiliwa na moto mwaka hadi mwaka mpaka limebaki vumbi na majivu. Kwa komba huenda bado ni msitu. Kwa chura huyu ni jangwa.

Na moto huku kwetu hauna haja ya kutafutiwa mchawi. Kuanzia Agosti hadi mvua zinapoanza, upande wowote utakaotazama usiku kuna mstari mwekundu mlimani. Wengine wanachoma kusafisha mashamba mapya ya ufuta. Bei ya ufuta ikiwa nzuri mwaka mmoja, mwaka unaofuata mapori yanafunguliwa kwa fujo. Wengine wanarina asali. Na wengine, tuseme ukweli bila kuoneana haya, wanawinda panya. Samaki nchanga, ndivyo tunavyowaita panya hao, ni kitoweo chetu, nami nimekula tangu utotoni, sina cha kumsema mtu. Ila njia ya kuchoma nyika nzima ili panya watoke mashimoni inaunguza vitu ambavyo mwindaji mwenyewe hajui kama vipo. Panya anaweza kutegwa. Babu zetu walikuwa na mitego ya kila aina, na wapo vijana Rondo wanaoijua hadi leo, wanapata kitoweo bila kiberiti.

Msitu wenyewe ulishapata pigo kabla yetu. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia wakoloni walifungua uvunaji mkubwa wa mbao Rondo, mvule ukatolewa kwa wingi, na sehemu za msitu wa asili baadaye zikapandwa misaji na misindano. Mjomba alifanya kibarua kwenye miche hiyo akiwa kijana, kuchimba mashimo na kupalilia. Anasema walilipwa na nyumba nyingi zilijengwa kwa fedha hiyo, na sitaki kuidharau kazi iliyomlea mama yangu na wadogo zake. Lakini nimetembea chini ya misaji wakati wa kiangazi. Majani yake mapana yote yameanguka, jua linashuka hadi chini, ardhi imekauka na kupasuka, na yale majani yakishika moto hayazimiki kirahisi. Nilifunua kwa mkono kama nilivyoona yule binti akifanya. Juu majani makavu, chini udongo mgumu. Basi.

Kilichobaki cha msitu wa asili leo kimo ndani ya Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Rondo, yenye hekta takriban 11,700. Ukizisikia hekta hizo unaweza kuona ni nyingi. Si hekta zote zenye ule msitu mnene wa ukungu; humo mna vichaka vilivyoota baada ya uvunaji na sehemu zilizoungua. Chura wetu anapanga chumba ndani ya nyumba hiyo, hajamiliki nyumba nzima.

Sisi watu wa Lindi tuna hadithi moja tunayoipenda ya kitu chetu kilichochukuliwa: mjusi wa Tendaguru. Kati ya mwaka 1909 na 1913 Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria kule Tendaguru, wakaibebesha vichwani mwa wapagazi hadi bandarini Lindi, na leo mifupa hiyo imesimama kwenye makumbusho Berlin, zaidi ya mita 13 kwenda juu. Kila miaka michache mjadala unafumuka, arudishwe, asirudishwe, tunapata faida gani. Nimeusikia bungeni, nimeusikia vijiweni, nimeusikia barazani mwa duka langu. Natamani hasira hiyo tuigawe. Mjusi amekufa miaka milioni 150 iliyopita, hakuna moto wa kiangazi utakaomdhuru tena. Chura wa Rondo anapumua usiku wa leo.

Na nchi hii inajua kabisa gharama ya kuchelewa, kwa sababu ilichelewa kwa chura mwingine. Chura wa Kihansi, mnajua habari zake. Aligunduliwa mwaka 1996 kwenye korongo la mto Kihansi, milima ya Udzungwa, wakati ujenzi wa mradi wa umeme wa megawati 180 umeshaanza. Alikuwa mdogo, wa rangi ya manjano, jike hafiki sentimita 3, na hatagi kabisa bali anazaa watoto wakamilifu. Dunia yake yote ilikuwa takriban hekta 2 za majani yaliyolowa manyunyu ya maporomoko. Maji yalipopelekwa kwenye mitambo, manyunyu yakakatika. Serikali na wafadhili wakafunga mabomba ya kunyunyizia maji, ikasaidia. Vyura wakaongezeka tena. Kisha mwaka 2003 wakaanguka ghafla, na kuanzia katikati ya muongo ule hakuna aliyeonekana tena porini. Mwaka 2009 akatangazwa kutoweka katika mazingira yake ya asili.

Kilichomwokoa ni kwamba Disemba 2000 vyura 499 walikuwa wamepandishwa ndege kwenda Marekani, kwenye bustani ya wanyama ya Bronx, New York. Hata huko walikufa kwa wingi, wakafika chini ya 100 kabla watunzaji hawajajua jinsi ya kuwalea. Mwaka 2010 vyura 100 wakarudi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 2012 wakaanza kurudishwa korongoni. Yaani kiumbe cha sentimita 3 kimeshafanya safari ambayo mjusi wa Tendaguru hajaifanya. Najivunia hilo kwa moyo wote. Wapo waliobeza fedha zilizotumika kwa ajili ya chura. Mimi nawaambia fedha nyingi zilitumika kwa sababu hatua zilianza mwishoni. Kwa chura wa Rondo bado tuko mwanzoni, mahali ambapo gharama ni reki, panga na makubaliano ya kijiji.

Anguko lile la 2003 linanihusu mimi kwa namna ya pekee, kwa kazi yangu. Sababu zilizotajwa ni tatu: mabomba ya manyunyu yalisita, bwawa lilifunguliwa kusukuma tope lililokuwa na mabaki ya sumu za mashambani, na ugonjwa wa kuvu ulikuwa umeingia. Niliposoma hiyo ya pili niliweka simu chini. Ndiyo maana siku hizi mkulima wa Rondo akija kununua dawa nahakikisha nimemwambia asisuuze bomba kwenye chemchemi, asitupe chupa kwenye korongo, asipulizie hadi ukingoni mwa msitu upepo ukiwa unaelekea huko. Ngozi ya chura si ya kwetu. Yeye anakunywa kwa ngozi na sehemu ya pumzi yake inapita kwenye ngozi. Kinachogusa mgongo wake kimeingia damuni.

Ugonjwa wa kuvu nao wakulima wa korosho wanaweza kuuelewa haraka kuliko mtu yeyote, kwa kuwa wanaishi na ubwiriunga. Wameona jinsi unga mweupe unavyokaa kwenye maua na majani machanga, na jinsi shamba la jirani asiyepulizia linavyoharibu la anayepulizia. Vyura nao wana kuvu lao, jina lake la kitaalamu ni Batrachochytrium dendrobatidis. Linaota kwenye ngozi, linaharibu namna mwili unavyopitisha chumvi, hatimaye moyo unasimama. Wanasayansi waliokusanya taarifa za dunia nzima walieleza mwaka 2019 kwamba kuvu hilo limechangia kupungua kwa spishi zisizopungua 501 za vyura na jamaa zao, na 90 kati ya hizo zinadhaniwa zimekwisha kabisa. Tofauti na ubwiriunga ni kwamba huwezi kupanda Rondo na mashine ya kupulizia ukatibu msitu. Likishaingia limeingia. Linasafiri kwa maji na kwa tope, na tope linasafiri kwa viatu. Ndiyo maana tulisuguliwa soli.

Usiku ule tuliporudi nyumbani kwa mjomba, mimi niliachiwa kigoda karibu na moto, na yule binti akapewa uji. Mjomba alikaa kimya muda mrefu. Kisha akaniita.

"Mwanangu."

"Abee mjomba."

"Yule mdudu tulikuwa tunamwona tukichimba mashimo ya miche. Tukifyeka msitu, tukirundika majani, anatoka. Tunamsukuma kwa jembe."

"Wengi, mjomba?"

"Enzi hizo hukuona ajabu. Sasa nimeshikwa mkono nipelekwe usiku, nimulikiwe taa, nionyeshwe mmoja."

Hakuongeza kitu hapo. Ila asubuhi, kabla sijanywa chai, alikuwa ameshatoka na jembe lake, amesimama pale shamba lake la mikorosho linapopakana na msitu. Kila mwaka hapo huwa anakusanya majani na matawi ya mikorosho na kuyachoma, kama anavyofanya kila mtu, ili shamba liwe safi wakati wa kuokota korosho. Akanionyesha kwa mkono: kutoka mti huu hadi ule, upana wa hatua nne, atakwangua hadi udongo uonekane, na majani yote atayavuta upande wa shamba, ayarundike katikati, mbali na msitu. Asichome. Ayaache yaoze, kwa sababu, akasema, nimeona jana usiku majani yakiachwa yanakuwa nini.

Nikamwambia mbolea ya dukani kwangu itakosa mnunuzi. Akacheka, akasema nitapata wateja wengine.

Tangu hapo amekwishazungumza na wenye mashamba wanaopakana naye, na sasa wamekubaliana kufungua njia kama hiyo ya kuzuia moto mmoja baada ya mwingine, ukingo mzima wa upande wao, kila Julai kabla majani hayajakauka sana. Amelipeleka suala hilo kwa mwenyekiti wa kijiji, amelipeleka kwa bwana misitu, ambaye alifurahi na kuahidi kuja siku ya kazi. Vijana wawili wanaotega samaki nchanga kwa mitego nao wameombwa wawaonyeshe wenzao. Mmoja alisita, akasema mitego mizuri ni siri ya familia. Mjomba akaenda kwa mjomba wa yule kijana, na siri ikafunguka.

Kazi ya mwaka huu inaanza wiki ya pili ya Julai. Wanahitaji reki za chuma, mapanga na majembe, kwa maana zana nyingi walizonazo zimekwisha makali na mipini imevunjika. Mimi natoa reki na nitazipandisha pamoja na salfa ya mjomba. Kama uko Mtama, Nyangao au Lindi mjini na una jembe linalolala stoo, lilete dukani, niko upande wa pili wa barabara kutoka stendi, nafungua saa moja asubuhi. Na kama utapanda nasi, viatu vyako visafishe nyumbani kwanza, uvikaushe juani. Brashi na klorini nitakuwa navyo, lakini foleni ikiwa ndefu jua litatukuta njiani.